Mikono imechanika kwa kunawa, na bado naiona michafu

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Nina miaka 31, nimeolewa, naishi Tanga. Tatizo langu lilianza nilipojifungua binti yangu mwaka 2019, nikawa naogopa kumshika kabla sijanawa. Mwaka uliofuata ikaja corona, ndipo nikawa sijiwezi kabisa. Corona imepita, mimi nimebaki nayo. Nikigusa pesa au kitasa, au mtu akinigusa kwenye daladala, nanawa mara saba. Nikikosea hesabu naanza upya. Sakafu naipiga deki kwa Jik mara nne kwa siku. Udhu wa alfajiri naanza saa kumi, na kuna siku jua linachomoza bado niko bafuni. Mume wangu akirudi kazini anavulia nguo mlangoni. Siku moja alichoka, akaficha sabuni zote, tukagombana hadi majirani wakaja. Maji tunanunua madumu 15 kwa siku. Mama mkwe anasema nina jini. Kilichonifanya niandike ni mwanangu. Juzi alirudi shule akasimama uani, hakunikimbilia kama zamani. Akaniuliza, "Mama, mimi ni mchafu leo?" Daktari, je, huu ni wazimu? Na kama si wazimu, mbona najua ninachofanya hakina maana na siwezi kuacha?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndani yake mna jibu la yale mengine. Hapana, huna wazimu. Aliyerukwa na akili haoni ajabu katika anayoyatenda; atakwambia sakafu ina sumu na wewe ndiye kipofu. Wewe unajua kabisa kwamba mkono ulionawa mara moja umeshatakata, na bado kitu ndani yako kinakwambia rudia. Kujua na kushindwa kuacha, yote mawili kwa wakati mmoja, ndiyo alama inayoutambulisha ugonjwa huu kwa wengi wanaoupata. Ndiyo pia inayoufanya uumize namna hiyo, kwa sababu mgonjwa anateseka na huku anajionea aibu.

Hospitalini utasikia wakiuita OCD. Kwa Kiswahili tunasema ugonjwa wa mawazo sumbufu na vitendo vya kulazimika. Katika kila watu mia, mmoja hadi watatu hupitia ugonjwa huu katika maisha yao, wanaume kwa wanawake. Hofu ya uchafu na vijidudu ni moja tu ya sura zake. Wapo wanaorudi mara ishirini kuangalia kama wamezima jiko la gesi, na wapo wanaojiwa na mawazo ya kutisha ya kumdhuru mtu wanayempenda, ilhali hawawezi hata kuua kuku. Kipimo kimojawapo tunachotumia ni muda: mawazo hayo na vitendo vyake vikila zaidi ya saa moja kwa siku, au vikiharibu kazi na nyumba, basi huo ni ugonjwa, si tabia ya kupenda usafi. Wewe udhu peke yake umeshapita hapo. Na kuanza baada ya kujifungua si ajabu. Uzazi ni moja ya nyakati ambazo ugonjwa huu hupenda kujitokeza, hasa kwa mtu ambaye katika ukoo wake yumo mwingine mwenye hali kama hiyo. Hukuuleta wewe.

Watu wa pwani wanaujua siku nyingi kuliko vitabu vyetu vya chuo. Bibi zetu walikuwa wakisema fulani "ana wasiwasi", na hawakuwa na maana ya mtu anayeogopa mtihani. Walimkusudia yule anayerudia nia ya sala mpaka imamu anafika rukuu, yule anayemaliza pipa la maji kwa udhu mmoja. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni wa Balkh, katika Afghanistan ya leo, aliyefariki mwaka 934, aliuandikia wasiwasi wa aina hii sura yake peke yake, akauweka kando na huzuni, hofu na hasira, na akaueleza kuwa ni ugonjwa wa nafsi unaotibika. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa hiyo mama mkwe wako akitaja jini, msigombane. Mwambie kwa heshima kwamba kusomewa Kurani hakumzuii mtu kwenda hospitali, na kwamba wewe utakwenda.

Sasa nikueleze mtego ulivyo, maana bila kuuelewa hutaweza kutoka. Ukigusa kitasa, linakujia wazo: "huenda kuna kitu." Sisi wote linatujia. Kwa mwingine linapita kama gari barabarani. Kwako linasimama mlangoni na kupiga honi. Moyo unakwenda mbio, unanawa, honi inanyamaza. Ule unafuu wa dakika mbili tatu ndio unaokufunga. Ubongo umeandika: nimesalimika kwa sababu nilinawa. Kesho honi itapigwa mapema zaidi, na mara moja haitatosha, itataka tatu, kisha saba. Unaijua mikopo ya kausha damu wanayokopa akina mama mitaani? Pesa unapewa papo hapo, shida ya leo inakwisha, na wiki ijayo unadaiwa zaidi ya ulichochukua, unakopa tena ili ulipe. Kunawa kwako ni mkopo wa namna hiyo. Maji yote yale yanalipa riba tu, deni lenyewe halijaguswa.

Angalia pia unachokitafuta ukiwa umesimama bombani. Usafi uliupata kwenye mnawo wa kwanza. Kuanzia wa pili unatafuta uhakika, na uhakika hauoshwi kwa sabuni. Hakuna binadamu anayejua kwa asilimia mia kwamba mkono wake hauna kijidudu hata kimoja. Mimi ninayekuandikia sijui kuhusu mkono wangu huu. Tofauti yetu si kwamba mimi nina uhakika nawe huna. Mimi naweza kukaa na "huenda" nikala chakula changu. Hilo ndilo unalokwenda kujifunza, na linafundishika.

Kabla ya kufika huko, niseme jambo la mwili wako ambalo haliwezi kungoja. Mikono ya wagonjwa wangu naijua kabla hawajakaa. Vifundo vya vidole vimepauka kama vimepakwa unga, katikati ya dole gumba na cha shahada pana mipasuko myembamba myekundu, na mtu akikamua ndimu anaruka kwa maumivu. Ngozi ina mafuta yake yanayoilinda. Sabuni ikipita mara kwa mara mafuta yanakwisha, ngozi inapasuka, na vijidudu vinapata mlango ambao havikuwa nao. Yaani mkono ulionawa mara hamsini uko kwenye hatari kubwa kuliko ulionawa mara sita. Jik isiguse ngozi yako kabisa. Na tafadhali, usiichanganye hata siku moja na dawa ya choo yenye asidi, wala siki, wala dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu, na katika bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kuua. Nalisema kwa sababu wagonjwa wa ugonjwa huu wengi huchanganya, wakiamini dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Mafuta ya mgando ya kawaida yapake mikononi kila baada ya kunawa na usiku kabla ya kulala.

Kunawa kwa afya, kule ambako sisi wenyewe tunawahimiza watu ili wasipate kipindupindu, ni mara moja kwa maji na sabuni, tangu kulowesha mpaka kukausha sekunde 40 hadi 60 kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani. Ni baada ya kutoka chooni, kabla ya kupika na kula, baada ya kumtawaza mtoto, baada ya kumhudumia mgonjwa, au mikono ikiwa na uchafu unaoonekana. Basi.

Tiba yenyewe ilianzia mahali ambapo huwezi kupategemea. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, katika hospitali ya Middlesex huko London, alieleza habari za wagonjwa wawili walioshindikana kwa kila njia. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule aliyeshinda akinawa na kusafisha. Meyer alimwelekeza aguse vile alivyoviogopa, na wauguzi wakakaa naye kutwa nzima ili asinawe. Watu walitegemea atachanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Hofu ilipanda, ikakaa, ikashuka yenyewe, na kadiri siku zilivyokwenda kupanda kwake kukapungua. Mpaka leo hiyo ndiyo tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa kuliko zote kwa ugonjwa huu. Mimi naiita kukabili na kujizuia: unakabili unachokiogopa, unajizuia kufanya kile kinachokutuliza.

Ila leo hatufungi bomba la mtu. Ndiyo maana mumeo alipoficha sabuni mambo yaliharibika, ingawa nia yake naielewa. Hofu inashuka pale wewe mwenyewe unapochagua kusimama. Ukifungiwa, unasubiri tu kufunguliwa.

Chukua daftari. Andika kila kinachokusukuma kunawa, ukipe namba kuanzia sifuri mpaka kumi kwa ukubwa wa hofu yake. Kwa barua yako nakisia hivi: kugusa meza ya kulia chakula bila kuipangusa, mbili, kushika noti, nne, kitasa cha mlango wa nje, tano, kumkumbatia mwanao na sare zake za shule, saba, kukaa daladala kisha kukaa kitandani na gauni lile lile, tisa. Namba zako utazijua wewe. Unaanza na mbili, si na tisa. Unagusa meza kwa kiganja chote, si kwa ncha ya kidole, halafu hunawi. Unaangalia saa. Unaandika hofu ni ngapi sasa, ni ngapi baada ya dakika kumi, baada ya ishirini. Unafanya kila siku, hata mara mbili tatu kwa siku, mpaka meza ikuchoshe. Meza ikikuchosha, panda juu.

Nikuoneshe inavyokuwa. Kijana mmoja (simtaji, na mambo yake mengine nimeyabadilisha) alishika kitasa cha mlango wa chumba changu cha kazi, nami nikakishika pamoja naye. Tukakaa. Aliuweka mkono juu ya goti, vidole vimetanuka, akiutazama kama si wake. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nilimuuliza namba, akasema tisa. Dakika kumi, tisa. Dakika ishirini, nane, akakasirika, akasema tiba hii ni ukatili. Sikumwambia kitasa ni safi. Nilimwambia, "Huenda si safi, na tumekaa nacho wote wawili." Karibu na dakika ya arobaini aliniuliza kama magari ya kwenda kwao yanaendelea mpaka saa ngapi jioni. Hapo nilijua. Mtu ambaye hofu yake ni tisa haulizi habari za gari. Tulimaliza kwa andazi, kila mmoja lake, kwa mikono ile ile. Wewe ni mtu wa pwani, umeona bahari inavyojaa bamvua mpaka ukadhani itaingia barabarani, kisha inapwa bila mtu kuichota. Tatizo ni kwamba kwa miaka yote hii umekuwa ukikimbia maji yakiwa bado yanajaa, hujawahi kukaa ukayaona yakipwa.

Kuna siku itagoma. Hofu haitashuka hata baada ya saa nzima. Usihesabu kuwa umeshindwa. Kama hukunawa, umefanya kazi yote iliyotakiwa, na ubongo umeona kwamba inawezekana kuishi na hofu hiyo ikiwepo.

Jihadhari na mlango wa nyuma. Wengi huacha bomba wakaanza kujifuta kwa pembe ya kanga, au kupaka kitakasa mikono cha kwenye mkoba, au kuhesabu kimoyomoyo mpaka saba, au kumuuliza mume, "Hivi unaona kama niko salama?" Yote hayo ni kunawa bila maji. La kuuliza ndilo gumu kuliko yote kuliacha, na hapo ndipo mumeo anahitajika.

Mpe barua hii aisome. Kaka, najua unavua nguo mlangoni kwa mapenzi, ili nyumba ilale kwa amani. Lakini kila unapovua, unaithibitishia hofu yake kwamba nguo zako zina hatari kweli. Usiache siku moja kwa kishindo. Kaeni wote wawili siku mmetulia, si katikati ya ugomvi, mkubaliane kitu kimoja cha kuacha wiki hii na kingine wiki ijayo. Akikuuliza kama umenawa vizuri, mjibu mara moja kwa upole: "Tulikubaliana swali hili silijibu, ila nipo hapa nakaa na wewe." Halafu kweli ukae. Usimcheke, usimhesabie madumu mbele ya watu. Akikesha siku moja bila kunawa baada ya kushika pesa, mwambie umeona, maana wewe pekee ndiye unayejua amebeba nini.

Sasa udhu. Hapa naongea kama mtu wa tiba, na masuala ya fiqhi nawaachia wenyewe, lakini yapo mambo ambayo kila aliyesoma madrasa ameyasikia. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji na kuoga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ndiyo kibaba chetu kile kile cha kupimia zaka ya fitri, na vibaba vinne ndiyo pishi. Kibaba hakifiki lita moja. Dumu lako moja la lita 20 lina udhu zaidi ya ishirini ndani yake. Na upo msingi wa wanazuoni kwamba yakini haiondolewi na shaka: aliyejua ametawadha, kisha akatilia shaka, udhu wake upo. Nenda kwa shehe mmoja unayemwamini, mweleze kuwa unaumwa, mkubaliane mara moja tu: kila kiungo mwisho mara tatu, chombo kimoja cha kiasi hicho, na maji yakiisha ndiyo umemaliza. Baada ya hapo usimpigie tena kuuliza. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona wagonjwa wanaompigia shehe kila siku, na fatwa ikageuka kuwa sabuni mpya. Utasimama kwenye mswala huku moyo unakwambia udhu haujatimia. Sali hivyo hivyo.

Kuhusu dawa, ndiyo, zipo, na kwa hali uliyoieleza nadhani daktari atakushauri uzitumie pamoja na mazoezi haya. Zinazotangulia ni fluoksetini au setralini, ambazo pia hutibu sonona. Kwa ugonjwa huu mara nyingi dozi hupandishwa kuliko ya sonona, na huchukua wiki nane hadi 12 kuonesha kazi yake yote. Wengi huziacha wiki ya tatu wakisema hazifai. Ipo pia klomipramini, ya zamani zaidi, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu huu. Hazileweshi wala si za kulevya, ila usianze wala usiache ghafla bila daktari, na kama una mimba au unanyonyesha mwambie mapema. Dawa za usingizi na za kutuliza zinazouzwa kiholela madukani hazitibu hili. Watu huniuliza kama mazoezi matupu yanaweza kweli kugusa ubongo. Mwaka 1992 watafiti wa Los Angeles walipiga picha za ubongo wa wagonjwa kabla na baada ya matibabu, wengine kwa fluoksetini, wengine kwa mazoezi ya kukabili hofu peke yake. Waliopata nafuu katika makundi yote mawili, sehemu ile ile ya ndani ya ubongo ilikuwa imetulia.

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa wako, uulizie kitengo cha afya ya akili. Ukihitaji zaidi ipo Muhimbili kwa Dar es Salaam na Mirembe kwa Dodoma. Wasomaji wa Zanzibar wana Kidongo Chekundu, na wa Nairobi wana Mathari. Mwambie daktari hivi hivi ulivyoniandikia, pamoja na hesabu ya mara saba na masaa ya bafuni. Wagonjwa wengi huficha hayo, wakasema tu "nina mawazo", wakapewa dawa ya kitu kingine. Na kama kuna siku umefikiria kwamba bora usiwepo, usingoje miadi. Mwambie mumeo siku hiyo hiyo, mwende hospitali iliyo karibu.

Nimemwacha mwanao mwisho kwa sababu nimekaa na swali lake muda mrefu. Nimesema tusiijibu hofu yako, lakini yeye hana ugonjwa, ni mtoto anayejiuliza kama kuna kasoro kwake. Yeye mjibu, na mjibu leo. Mkalishe, umwambie kwa maneno ya umri wake: "Wewe si mchafu, na hukufanya kosa. Mama ana ugonjwa unaomfanya aogope kugusa vitu, na anakwenda kutibiwa." Usimtume akanawe ili wewe utulie; akanawe anapokula na anapotoka chooni, kama watoto wenzake. Usimfanye pia mlinzi wako wa kukuhesabia.

Kumkumbatia na sare zake nimekupa namba saba, kwa hiyo si kazi ya wiki hii. Wiki hii ni meza. Utakapofika kwake, usimsubiri ndani. Toka uani kabla hajafika, ukae kwenye kigoda, mikoba yake aitue anapotaka. Akija, mshike kwa mikono yote miwili, shati lake la vumbi liguse shavu lako, na usimwachie mpaka yeye mwenyewe atake kwenda kucheza. Halafu ubaki hapo hapo nje, bomba ukiliona, saa mkononi. Niandikie uniambie namba ilianzia ngapi na iliishia ngapi.